Besi ya zamani ya Kijapani ukiwa Mtwara au Lindi: aina nne, na ipi inakufaa

Wanaotafuta besi ya zamani ya Kijapani, yaani gitaa la besi, huanza na majina ya watengenezaji. Greco au Tokai? Yamaha au Aria? Kwa mtu aliye Mtwara, Lindi au Kilwa, naona majina yangoje kwanza. Swali la kuanza nalo ni hili: chombo kikishafika, kikakaa msimu mmoja wa mvua karibu na bahari, shingo ikaanza kupinda na volyumu kukwaruza, nani atakitengeneza, na kwa vipuri vya wapi? Besi iliyohifadhiwa vizuri Nagoya kwa miaka arobaini inaweza kuharibika Shangani, ufukweni Mtwara, ndani ya mwaka mmoja. Nyingine ya nusu ya bei hiyo ikapiga kila Jumapili bila shida.

Hapa nalinganisha aina nne ambazo mnunuzi hukutana nazo mara nyingi. Siwezi kukutajia moja iliyo bora kwa wote, maana mpiga besi wa bendi ya dansi, wa kwaya, na mtu anayekusanya vyombo kwa mapenzi yake wanatafuta vitu tofauti. Ninachoweza ni kuzipima zote kwa vipimo vilevile.

Kwa nini Japani? Kufikia miaka ya 1970, viwanda vya miji kama Matsumoto na Hamamatsu vilikuwa vinanakili magitaa ya Kimarekani kwa ustadi uliowatia wasiwasi Wamarekani wenyewe. Mwaka 1977 kampuni ya Norlin, iliyokuwa ikimiliki Gibson, iliishtaki Elger, msambazaji wa Ibanez nchini Marekani, kwa sababu ya umbo la kichwa cha gitaa. Fender, kampuni nyingine ya Kimarekani, walichukua njia nyingine: mwaka 1982 waliingia ubia na kampuni za Kijapani Kanda Shokai na Yamano Gakki, ikazaliwa Fender Japan, na kazi ya kutengeneza ikapewa kiwanda cha FujiGen, mkoa wa Nagano. Kwa hiyo vyombo vya kipindi hicho visidharauliwe kwa kuitwa nakala. Vingi vilitengenezwa na mafundi walewale waliopewa baadaye jina halisi.

Vipimo vyenyewe

Shingo ndiyo kipimo cha kwanza, na kwangu kina uzito kuliko vingine vyote vikijumlishwa. Kusini kwetu mvua ni msimu mmoja mrefu, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili, na hata kiangazi upepo wa baharini hauachi unyevu wala chumvi. Mbao hunywa unyevu, shingo husogea. Ndani ya shingo kuna nondo ya kurekebishia mkunjo. Kama nondo bado ina nafasi ya kukazwa na kulegezwa, una chombo. Kama imefika mwisho wa uzi wake, una pambo la ukutani. Jaribio lake ni rahisi: bana uzi kwenye freti (vile vibati vinavyokatiza shingo) ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, kisha tazama mwanya ulio kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Mwanya wa takriban milimita 0.3 ni mzuri. Ukiwa mkubwa, shingo imekunjika mbele. Usipokuwepo kabisa, huenda imekunjika nyuma. Halafu tazama shingo kutoka kichwani kuelekea darajani, pale nyuzi zinapokaa mwilini, ukifumba jicho moja. Mkunjo wa mbele au nyuma hurekebishwa na nondo, lakini shingo iliyojisokota haitibiwi na nondo.

Cha pili ni umeme. Besi ya kawaida ina pikapu (kinasa mtikisiko wa nyuzi), volyumu, toni na kapasita moja, basi. Hiyo fundi redio yeyote wa mjini anaiweza. Besi yenye saketi ya betri ndani ni habari nyingine.

Cha tatu ni vipuri, na hapa kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi. Vyombo vya Kijapani vimejengwa kwa milimita, vya Kimarekani kwa inchi. Ukiagiza volyumu ya Kimarekani kwa ajili ya Tokai, utakuta shina lake lina milimita 6.35 badala ya 6, na sehemu yake yenye uzi wa skrubu inataka tundu la karibu milimita 9.5 wakati tundu lililopo ni la 7 au 8. Watu huchukua drili wakapanua tundu, na gitaa likapoteza thamani yake kwa dakika moja. Agiza volyumu ya milimita. Faida yake kwetu ni kwamba skrubu ndogo za milimita zinapatikana kwa mafundi wa redio na kwenye maduka ya vipuri vya pikipiki.

Cha nne ni sauti, kwa muziki unaopigwa hapa. Cha tano ni kununua na kusafirisha: ugumu wa kuipata, hatari ya kughushiwa, na ukubwa wa boksi.

Nakala za Fender: Greco, Tokai, Fender Japan na Squier

Hizi ndizo nyingi sokoni. Fender wana besi mbili maarufu, Precision Bass na Jazz Bass; Tokai wa Hamamatsu walikuwa na Hard Puncher kwa umbo la Precision Bass na Jazz Sound kwa umbo la Jazz Bass. Greco ni jina la Kanda Shokai. Fender Japan na Squier (jina la pili la Fender) za mwanzo zina namba inayoanza na herufi JV, za kati ya 1982 na 1984, na hizo ndizo wakusanyaji wanazozigombania.

Shingo. Imefungwa kwa skrubu nne. Kwa mtu wa pwani, neema ni hiyo. Ikijisokota kupita kiasi unaitoa na kutafuta nyingine, mwili ukabaki. Matundu ya skrubu yakilegea, kijiti cha mbao ngumu na gundi vinayarudisha. Kero ni moja: kwenye nyingi zilizofuata mtindo wa zamani wa Kimarekani, nati ya nondo iko upande wa mwili, kwa hiyo kila ukitaka kuirekebisha unalegeza nyuzi na kuitoa shingo. Mvua zikianza na zikiisha, kazi hiyo inakungoja. Zungusha robo mzunguko tu, rudisha, sikiliza, ndipo uendelee.

Mwili. Mara nyingi ni mti wa sen wa Japani au alder, juu yake rangi nene ya poliesta. Wapenzi wa mambo ya kale huidharau rangi hiyo wakitaka nyembamba ya nitro. Kwa Mtwara mimi naitetea poliesta, kwani inazuia unyevu na haihitaji chochote zaidi ya kitambaa kikavu.

Umeme. Rahisi kuliko zote. Pikapu ya Precision imegawanywa vipande viwili vinavyofuta mvumo. Pikapu za Jazz Bass, ukifungua moja peke yake, huvuma. Kwenye ukumbi au kanisa ambalo waya wa ardhini haujafungwa sawasawa, tofauti hiyo utaisikia kuanzia wimbo wa kwanza.

Vipuri na sauti. Nyuzi za urefu wa inchi 34 ni za kawaida, unazipata Dar es Salaam bila shida. Sauti yake imezoeleka, hukaa vizuri chini ya magitaa ya solo na ridhimu bila kuyameza.

Kununua. Shingo inatoka, kwa hiyo besi inaingia kwenye boksi fupi, na usafirishaji unapungua gharama. Lakini ughushi ni mwingi: jina la kichwani hubandikwa kwa dakika chache. Mwombe muuzaji picha ya mahali shingo inapoingia mwilini na picha ya namba. Akikataa kufungua skrubu nne, tafuta mwingine.

Inamfaa mtu mwenye besi moja tu, anayepiga kila wiki, na anayetegemea mafundi waliopo.

Yamaha BB

Mfululizo wa BB ulianza mwaka 1977. Jina la Yamaha halihitaji utambulisho hapa, kuanzia vinanda vya makanisani hadi mashine za boti, na hilo peke yake hurahisisha kuiuza siku ukitaka. BB1200 ilipigwa na Paul McCartney akiwa na Wings, na Peter Hook wa Joy Division na New Order alijulikana nayo.

Shingo. Hapa lazima utofautishe. BB1200 ina shingo nzima, yaani ubao wa shingo unapita katikati ya mwili hadi chini ya daraja. BB300 na BB400 za miaka ya 1980 zina shingo ya skrubu. Nimeona watu wakizidharau hizi mbili kwa sababu ya bei yake. Hawazitendei haki, kwa maana kwa hali ya hewa yetu zina faida ileile ya kundi la kwanza.

Mwili. Kazi ya useremala ya Yamaha ni safi, viungo vimebana na rangi imeshika. Uzito upo, hasa kwenye za shingo nzima. Mpiga besi wa harusi anayesimama hadi usiku wa manane atafute mkanda mpana.

Umeme. BB nyingi za kipindi cha mwanzo hazitumii betri, na fundi redio anaziweza. Pikapu zake zisichukuliwe kuwa na vipimo vya Fender. Pima kwa rula kabla ya kuagiza ya kubadilishia.

Vipuri na sauti. Nyuzi ni za inchi 34. Funguo za kukazia nyuzi na madaraja asilia ni magumu kupata kuliko ya kundi la kwanza, kwa hiyo nunua iliyotimia. Sauti yake ni nene katikati, inasukuma. Kwenye kwaya yenye kinanda kinachopiga besi kwa mkono wa kushoto, BB husikika pale besi nyingine zinapozama.

Kununua. Hakuna sana wa kughushi BB300. Angalia tu maandishi ya kichwani au nyuma, kwa sababu Yamaha kadhaa za miaka hiyo zilitengenezwa Taiwan. Si mbaya kwa kupiga, ila kwa mkusanyaji wa vya Kijapani habari ni tofauti.

Inamfaa mpiga wa kanisa au bendi anayetaka chombo imara bila kulipia jina la JV.

Aria Pro II SB na Ibanez Musician

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Wajapani waliacha kunakili wakaanza kubuni, na matokeo ni haya. Aria Pro II SB-1000 ilitoka kiwanda cha Matsumoku mjini Matsumoto, kiwanda cha useremala kilichowahi kutengeneza makasha ya cherehani za Singer. John Taylor wa Duran Duran alipiga besi za SB, na Cliff Burton wa Metallica alikuwa na yake. Ibanez Musician inajulikana sana mikononi mwa Sting, aliyepiga MC924 isiyo na freti.

Shingo. Ni shingo nzima, iliyogundishwa kwa vipande vya mbao tofauti, kama maple na walnut. Kila kipande kinazuia mwendo wa mwenzake, kwa hiyo unyevu ukipanda shingo hizi hutulia kuliko za ubao mmoja. Nimekaa nikilifikiria sana jambo hili, kwa sababu linavuta pande mbili. Kwa kila siku, hii ndiyo shingo tulivu kuliko zote nne. Lakini ikija kujisokota, au gundi ikaachia kwenye boksi lililokaa juani bandarini, hakuna cha kubadilisha. Chombo chote kimekwisha. Kwa hiyo ukaguzi kabla ya kulipa unatakiwa uwe mkali mara mbili: picha ya shingo kutoka pande zote, na kauli ya muuzaji kama nondo inazunguka kuelekea pande zote mbili.

Mwili. Mbao zinaonekana, rangi haikuficha kitu, na uzuri wake unastahili sifa zake. Uzito ni mkubwa.

Umeme. Ndani kuna saketi ya betri, na kwenye SB-1000 kuna swichi ya kuzungusha yenye nafasi sita za sauti. Chumvi hupenda swichi za namna hii. Dawa ya kusafisha vigusa huziamsha nyingi, na fundi anayejua kusoma saketi anaweza kubadilisha kapasita zilizozeeka. Asiyejua, asiguse. Ikishindikana kabisa, anaweza kuunganisha pikapu moja kwa moja kwenye volyumu ya kawaida huku saketi asilia ikibaki mahali pake, bila waya hata mmoja kukatwa karibu na bodi. Toa betri kila unapoihifadhi.

Vipuri na sauti. Matsumoku ilifungwa mwaka 1987. Kipuri asilia maana yake ni besi nyingine iliyovunjwa. Sauti ni pana, inang'aa, noti hudumu muda mrefu, na freti 24 za SB-1000 zinamruhusu mpiga kupanda juu.

Kununua. Boksi ni refu, kwa kuwa shingo haitoki. Uliza kikomo cha urefu cha msafirishaji kabla hujalipa chochote.

Inamfaa mpiga mzoefu mwenye fundi umeme anayemwamini, na mkusanyaji anayetaka kuonyesha Japani ilipofika kwa akili yake yenyewe.

Teisco, Guyatone na za miaka ya 1960

Teisco ilianzishwa mwaka 1946 na kununuliwa na Kawai mwaka 1967. Besi zake na za wenzake wa kipindi hicho zina maumbo ya ajabu, mabati ya kung'aa, vitufe vingi, na nyingi zina nyuzi fupi za karibu inchi 30.

Shingo ni nene, na baadhi hazina nondo ya kurekebisha. Kwa pwani huo ni udhaifu mkubwa. Mwili ni mwepesi, rangi mara nyingi imepasuka, na mimi nasema iache ilivyo. Umeme ni rahisi kufuata kwa macho lakini swichi na pikapu haziuzwi popote, na mvumo upo. Nyuzi fupi huagizwa. Sauti ni ya mviringo na inakatika upesi, nzuri studio, dhaifu kwenye uwanja wa wazi. Bei yake kwa kawaida ni ya chini, ingawa maumbo adimu yamepanda.

Hata hivyo hili ndilo kundi ambalo kusini kwetu kuna cha kuchangia. Kipande cha daraja, kidaraja cha juu kichwani, kitufe kilichopotea: vyote vinachongeka kwa mpingo, na Mtwara na Lindi hakuna uhaba wa watu wanaoujua mpingo kwa mikono yao. Mbao ya vidole (uso wa shingo ambapo nyuzi hubanwa) ya besi nyingi za zamani ni roziwudi, na mpingo ni wa jenasi hiyohiyo, Dalbergia. Ni mti mzito unaozama majini, na ndio unaotengenezewa klarineti. Mchonga vinyago mzuri akipewa sampuli na vipimo vya milimita atakutolea kipande kinachokaa. Avae barakoa anapopiga msasa, vumbi la mpingo husumbua kifua na ngozi.

Tahadhari ya sheria: tangu mwaka 2017 spishi zote za Dalbergia ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na mwishoni mwa 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vikapewa msamaha, isipokuwa roziwudi ya Brazili, ambayo ina masharti makali zaidi tangu 1992. Besi nzima hupita, lakini ubao ghafi wa mpingo ukiutuma nje bila vibali unajitafutia kesi.

Inamfaa mkusanyaji mwenye subira na mkono wa kuchonga, au aliye na besi nyingine ya kupigia.

Kwa hali yako

Besi ndiyo ajira yako na huna ya akiba: nakala ya Fender yenye shingo ya skrubu, umbo la Precision kama kumbi zenu zina umeme unaovuma. Usinunue JV kwa kazi hii. Tokai au Greco ya kawaida itafanya kilekile, na hutaihofia jasho.

Unapigia kwaya na bajeti ni ya kamati: Yamaha BB300 au BB400. Wanakamati wanalijua jina, na fundi wa redio atafungua na kuelewa.

Unaishi Mikindani au Shangani, hatua chache kutoka majini, na una fundi umeme wa kweli: Aria au Ibanez ya shingo nzima itakusumbua kidogo kwa upande wa mbao, ilimradi iwe imekaguliwa vizuri. Bila fundi huyo, rudi kwenye mbili za kwanza. Aliye Masasi au Newala, mbali na chumvi, ana uhuru zaidi wa kuchagua kwa sauti.

Unakusanya, na unataka thamani ipande: JV yenye vipande vyake vyote, au SB-1000 ambayo saketi yake haijaguswa. Hapa kutengeneza maana yake ni kusafisha, kukaza na kuhifadhi. Usipake rangi upya. Kila kipuri asilia unachokitoa kiweke kwenye mfuko wenye maelezo na ukihifadhi pamoja na gitaa.

Unataka kujifunza ufundi wenyewe: Teisco ya bei ndogo, au besi kutoka fungu la janki la maduka ya mitumba ya Japani kama Hard Off. Fungu hilo muuzaji hathibitishi kama chombo kinatoa sauti, na hakirudishwi, kwa hiyo lipa kiasi ambacho hakitakuuma. Minada ya Japani mara nyingi inahitaji wakala wa kukununulia na kukutumia. Jumlisha ada yake, usafiri, ushuru na VAT kabla hujaita kitu rahisi.

Na kwa yeyote anayengoja fedha ya korosho: minada huanza karibu Oktoba, na chombo kilichoagizwa hapo hufika mvua zimeshika, shingo ikatoka kwenye baridi kavu ya Japani na kuingia moja kwa moja kwenye unyevu. Ukiweza, weka fedha akiba uagize ili kifike kati ya Juni na Septemba. Usikifungue mara moja. Kiache ndani ya boksi lake siku mbili tatu chumbani, kisha rekebisha nondo, kisha uirekebishe tena mvua zikianza. Begani mwa gitaa ndani ya kasha weka vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na maboksi ya viatu, na uvibadilishe kila vinapojaa.